Shangazi, kitabu cha mashujaa cha 11,000 kina thamani yake?

Shangazi, hujambo? Pokea salamu kutoka Kisumu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 28, naishi Manyatta. Tuko watu watano ambao hukutana Jumapili alasiri kwa binamu yangu, Migosi, kucheza ule mchezo wa kuigiza mezani: mmoja anasimulia, wengine kila mmoja ana mhusika wake, na penye shaka dadu inaamua. Tulianza na kanuni za bure za mapanga na majoka. Zimetufaa, lakini majoka yametuchosha. Sote tumekua tukitazama filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu na sasa tunataka kuwacheza. Binamu yangu ameshachora wake, mvuvi wa Dunga anayesemezana na ziwa likamtii.

Kila mtu huchanga shilingi 200 kila Jumapili na mimi ndiye mhazini. Sasa hivi kuna 5,400 kwenye simu yangu. Mmoja wetu anataka Marvel Multiverse Role-Playing Game, jalada gumu, ambayo ni karibu dola 60, yaani kama 7,800. Anayetuletea mizigo kutoka ng'ambo ameniambia kwa uzito wa kitabu hicho nihesabu 11,000 hadi kinifikie mkononi. Binamu yangu anasema huo ni upuuzi, tununue Mutants & Masterminds kwa sababu kinaunda shujaa yeyote unayemfikiria. Wa tatu ametuma faili ya PDF kwenye grupu letu la WhatsApp. Hatujui aliitoa wapi. Anasema kitabu ndicho hicho, zile hela tukale samaki.

Nimefikiria kujazia kilichopungua kutoka mfukoni mwangu bila kumwambia mchumba wangu, kwa sababu najua atauliza kwa nini kitabu cha mchezo kinazidi bei ya vitabu vyangu vyote vya kufundishia. Na kusema kweli, sina jibu la kumpa.

Huku hakuna duka ambalo ninaweza kuingia nikakifungua nikakisoma. Nitajuaje kama kina thamani ya bei yake kabla sijalipa?

Mhazini, Manyatta

*

Mpwa wangu Mhazini, usikiagize bado hicho cha jalada gumu. Sisemi ni kibaya. Nasema hamjakubaliana mnanunua nini, na 11,000 si hela ya kubahatisha, maana mkikichoka mtahangaika sana kumpata mtu wa Kisumu wa kukinunua kutoka kwenu hata kwa nusu bei.

Mimi huendesha mchezo wa namna hii na vijana wa mtaani kwetu hapa Nakuru, na nimewaona watu wakipima vitabu hivi kwa kurasa, kwa ugumu wa jalada na kwa picha. Picha ni tamu, sikatai. Lakini kitabu cha kanuni hununuliwa kwa kazi kinayokufanyia mezani, ile ambayo nyinyi wenyewe msingeiweza saa kumi na moja jioni, mmoja ana njaa na mwingine anaangalia saa ya matatu. Katika mchezo wa mapanga kazi hiyo ni nyepesi kidogo, kwa sababu wahusika wote wanatembea kwa miguu na wote wanaumia wakichomwa. Kwa mashujaa mambo yanageuka. Huyu ananyanyua lori, yule anasoma mawazo ya watu, wa tatu ana upinde na ujasiri tu, na wote watatu wanapaswa kuwa na la kufanya katika tukio lile lile bila mmoja kukaa akitazama wenzake. Kitabu kinachoweza kuwaweka meza moja hao watatu kinastahili kulipiwa. Kisichoweza, hata mkipewa bure kitawapotezea Jumapili zenu.

Sasa tuangalie hivyo viwili mnavyobishania.

Hicho cha Marvel kilitoka mwaka 2023, mtunzi wa kanuni zake ni Matt Forbeck. Unatupa dadu tatu za kawaida za pande sita, na moja kati yake ina hadhi ya pekee: ikionyesha moja, inahesabiwa kama sita. Wahusika wana ngazi kuanzia 1 hadi 6, kwa hiyo ukiangalia tu unajua huyu na yule wanalingana au hawalingani. Ni kanuni za kujifunza upesi, na kitabu hicho kimoja kinatosha kucheza. Vingine vilivyofuata, kama kile cha X-Men cha mwaka 2024, ni nyongeza tu. Ila sehemu kubwa ya unachokilipia ni orodha ndefu ya mashujaa na wahalifu wa Marvel, kila mmoja na takwimu zake tayari kuchezwa. Kama kiu yenu ni kuwa Spider-Man mwenyewe, mkarushe utando kama alivyo kwenye filamu, orodha hiyo ni mali na mwenzenu ana haki. Lakini wewe mwenyewe umeniandikia kuhusu mvuvi wa Dunga. Meza ambayo tayari imezaa mvuvi wa Dunga haiendi kucheza New York. Mtalipia nauli ya kurasa ambazo hamtazifungua.

Mutants & Masterminds kimetungwa na Steve Kenson, toleo la kwanza likatoka 2002 na hili la tatu 2011. Hiki binamu yako hakukosea: unapewa alama, kwa kawaida 150 kwa shujaa wa kiwango cha 10, unazitumia kununua uwezo mmoja baada ya mwingine hadi umpate uliyemfikiria. Tena kuna jambo ambalo hamkuliona. Kanuni zake za msingi zimo mtandaoni bure na kihalali, kwa sababu wachapishaji wake walitumia leseni huria. Tafuta tovuti ya Hero SRD. Hapo huhitaji kuvizia faili ya mtu wala kuagiza kitu Marekani. Hazina picha, na mpangilio wake unamchosha mgeni, lakini mashine yenyewe iko pale yote. Ndiyo maana nasema dawa ya swali lako unayo tayari na haijakugharimu shilingi zaidi ya bundles.

Sikiliza jinsi ninavyopima. Kabla sijalipia kitabu chochote cha mashujaa, namchukua mtu mmoja ninayemjua vizuri na kujaribu kumuunda kwa kanuni hizo. Nyinyi wa huko mna mtu anayefaa kuliko yeyote wa kwenye filamu: Luanda Magere, shujaa wa masimulizi ya Waluo. Kila aliyelelewa Kano amesimuliwa. Mwili wa jiwe, mikuki inamgonga na kuanguka, maadui wanachoka naye hadi wanamwoza binti yao. Siku anaugua, anamwambia mke amchanje kivulini badala ya mwilini, na siri inatoka hapo. Vita vinavyofuata, mkuki unachomwa kwenye kivuli.

Mjaribuni huyo kwa kanuni za Mutants & Masterminds. Mtakutana kwanza na kikomo: kwenye kiwango cha 10, wepesi wake wa kukwepa na ugumu wa mwili wake vikijumlishwa havizidi 20. Ukimpa ugumu wa 14, kukwepa kunabaki 6. Angalia jambo hilo lilivyo zuri. Magere hakuwa mtu wa kukwepa, alisimama wakamrushia. Kanuni imemjua bila kumsikia. Halafu unaufanya ugumu huo usipenyeke, unalipia alama 28 katika zile 150, na kuanzia hapo pigo lolote ambalo nguvu yake haizidi 7 halimfanyi kitu kabisa. Mkuki wa kawaida katika mkono wa askari wa kawaida haufiki 7. Askari watarusha mpaka jua lizame.

Kisha njoo kwenye kivuli, ndipo mtaona kama kitabu kina akili. Katika kanuni hizi udhaifu kama ule haukupunguzii gharama unapomuunda mhusika. Unauandika tu kwenye karatasi yake, na kila mara mwendeshaji, yule anayesimulia, anapouleta mchezoni ukamuumiza, mchezaji anapewa alama ya ushujaa ya kutumia baadaye, kurudia dadu mbaya au kujinasua. Champions, kitabu kingine cha mashujaa cha tangu mwaka 1981, kilishika njia nyingine: katika matoleo yake ya zamani udhaifu ulikuingizia alama zaidi siku ya kuunda, na kazi ya kukumbuka kuutumia ikabaki kwa mwendeshaji. Mimi naipenda njia ya kwanza. Mchezaji mwenyewe anaanza kutamani yule mke aingie mlangoni, kwa sababu anajua balaa lina malipo. Hiyo ndiyo kazi ninayoiita ya kulipiwa. Kwa akili zetu wenyewe huenda tusingeifikiria.

Mkimaliza kumuunda, mpiganisheni. Pambano moja fupi, Magere na vijana ishirini wa mikuki kwenye kivuko cha Nyando, kisha aingie mmoja anayejua siri. Weka saa mezani. Ikiwa raundi tatu zimekula dakika arobaini na bado mnapekua kurasa, mmejua jambo ambalo picha za jalada zisingewaambia. Hapa ndipo Champions hulemea meza nyingi: pigo moja la shujaa mwenye nguvu linaweza kuwa dadu kumi au kumi na mbili, unazijumlisha mara moja kuona kama adui amezirai, kisha unazihesabu tena kwa njia nyingine kuona kama ameumia mwili. Kuna watu wanaopenda hesabu hiyo kwa dhati. Kwa meza ya saa mbili au tatu Jumapili jioni sikushauri.

Tazama pia uso wa kila mtu mnapounda, maana hapo ndipo pesa zenu zitapotea au kupona. Binamu yako atafurahia alama 150 hadi usiku wa manane. Je, hao wengine? Ukiona wawili wanapiga miayo kwenye hesabu lakini macho yanawaka mke anapomsaliti mumewe, basi hamtafuti kitabu cha nguvu, mnatafuta kitabu cha mahusiano, na hapo nitawaelekeza kwingine kabisa: Masks, kilichotungwa na Brendan Conway na kuchapishwa na Magpie Games mwaka 2016. Humo wahusika ni mashujaa chipukizi, wa umri wa wanafunzi wa sekondari. Dadu ni mbili tu, zile za Ludo mnazoweza kuzipata Kibuye. Ukipata 10 na kuendelea umefaulu, 7 hadi 9 umefaulu kwa gharama. Shujaa akipigwa hapotezi damu. Anaandikiwa hofu, au hasira, au hatia, au kukata tamaa, au kutojiamini, na hali hizo zinamharibia mambo mpaka afanye kitu cha kuzituliza. Hata anavyojiona hubadilika kulingana na maneno ya watu wazima anaowasikiliza. Wewe ni mwalimu, unaijua nguvu ya neno moja la mwalimu kwa mtoto. Mimi ningependa sana kukuona ukiendesha mchezo huo. Lakini hakitakuambia Magere ananyanyua kilo ngapi, na binamu yako atalalamika.

Kuhusu dadu, Mutants & Masterminds kinataka ile ya pande ishirini. Nadhani mnayo tangu majoka. Kama hamna, programu ya simu inatosha.

Usome maoni ya watu, ndiyo, ila kila unaposoma sifa za kitabu uliza kwanza: huyu amekicheza au amekisoma tu? Msomaji husifu karatasi, picha na hadithi ya ulimwengu. Mchezaji atakuambia sura ya kupigana iko ukurasa gani kwa sababu ameirudia mara nyingi, atakuambia faharasa ya mwisho inasaidia au haisaidii, atakuambia kikundi chake kiliacha kucheza na kwa nini. Neno la mmoja wa namna hiyo nalithamini kuliko nyota tano za kumi waliopekua.

Na jalada gumu lenyewe? Faili halali ya PDF mara nyingi ni nafuu sana kuliko kitabu cha karatasi, haina mzigo wa kusafirishwa wala ada za forodha, na inafika siku hiyo hiyo. DriveThruRPG, duka la mtandaoni, huuza vitabu vingi vya aina hii, na vingi vyake vina kurasa za kuonjesha bila malipo. Kulipa unaweza kwa kadi ya Visa ya M-Pesa. Anayehitaji kuwa na kitabu ni mwendeshaji peke yake, wengine wanahitaji karatasi za wahusika na kurasa chache za muhtasari, ambazo utazichapisha saiba kwa hela ndogo. Nakuonya tu kwamba kurasa zenye safu mbili zinaumiza macho kwenye simu. Kama hakuna mwenye kompyuta au tableti kati yenu, zingatia hilo mapema, kwa sababu kwenu karatasi inaweza kuwa na thamani kubwa zaidi kuliko kwangu.

Ile faili ya WhatsApp ifuteni. Nasema hivyo kwa moyo wangu wote. Vitabu hivi vingi hutungwa na watu wachache katika kampuni ndogo, na kila nakala inayouzwa ina maana kwao. Kenya tuna Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, na wewe mwalimu unaona kila muhula jinsi vitabu vya waandishi wetu wenyewe vinavyofotokopiwa bila aibu. Hatuwezi kuwalilia wa kwetu huku tukiwaibia wa mbali. Mwenzenu anayetaka kula samaki ana hoja ya msingi, kwamba hela zisitumike ovyo, na hoja hiyo inajibiwa na kanuni za bure halali nilizokutajia.

Sasa hesabu, kwa ajili ya mchumba wako. Shilingi 11,000 kwa watu watano ni 2,200 kila mmoja. Mkicheza Jumapili 20, kila mtu amelipa 110 kwa alasiri nzima ya kucheka na kubuni pamoja, bei ambayo sioni burudani nyingine mjini inayoikaribia. Mkicheza Jumapili mbili mkaacha, kila mtu amelipa 1,100 kwa alasiri, na hapo swali lake litakuwa limewafunga midomo. Kwa hiyo kinachoamua thamani ni kama mtarudi mezani, na hilo mnaweza kulipima kabla ya kulipa. Mwambie hivyo hivyo. Usijazie kwa siri, mpwa wangu, hata shilingi. Kitabu ambacho wewe peke yako umelipia zaidi ya nusu kitaleta maneno siku binamu yako atakapohamia Eldoret akitaka kukibeba. Na mchumba ambaye hakuambiwa juu ya 5,000 za kitabu atajiuliza ni nini kingine hajaambiwa. Mwalike Jumapili moja aketi, awe huyo mke wa Magere. Huenda akaipenda nafasi hiyo kuliko nyote.

Hivyo mwezi huu chezeni kwa zile kanuni za bure, Magere kwanza, kisha mvuvi wa Dunga. Watu wakiendelea kuja na wakiuliza maswali ambayo kanuni za bure zinajibu kwa mkato, nunueni faili halali ya Mutants & Masterminds, kwa sababu kitabu kamili kina maelezo ya mwendeshaji na wahusika wa mfano ambao wataokoa muda wako. Wakija kwa ajili ya drama na kukimbia hesabu, nunueni Masks. Kwa vyovyote 5,400 mlizonazo zitatosha na chenji ibaki. Hicho cha Marvel kiacheni hadi siku ambayo wengi wenu, si mmoja, watasema wanataka kuwa wale wa kwenye filamu. Siku hiyo kikiagizwa kwa karatasi sitapinga.

Na kabla hamjatoa hata shilingi, andikeni kwenye grupu kitabu kitakuwa cha nani kikundi kikivunjika. Binafsi ningesema kibaki kwa mwendeshaji, naye awarudishie wenzake nusu ya walichochanga.

Shangazi